Nani Atamwogesha Mama

Alhamisi, Kibagabaga

...na wala hakunidokeza njiani. Tumetembea pamoja hadi kwenye kikao cha jioni cha familia za mtaa, tumekaa benchi moja, kisha Faustin, mume wangu, akainuka na kuwaambia majirani kwamba mimi sitaki mama yake aje kukaa kwetu.

Uso uliniwaka.

Mwenyekiti akaacha Kinyarwanda, akanigeukia kwa Kiswahili. "Mwalimu, wewe unafundisha mambo ya familia pale chuo. Utusaidie."

Asubuhi hii hii nimewaambia wanafunzi kuwa wapo wanaoiona familia kama nguzo ya jamii, na wapo wanaouliza nguzo hiyo imebebwa na mgongo wa nani. Darasani swali hilo halinitoi jasho.

Nikasema, "Mama hawezi tena kuoga peke yake. Nani atamwogesha?"

Wote wakaniangalia mimi. Hakuna aliyemtazama Faustin. Hata Faustin alikuwa ananitazama mimi.

Tuliporudi akampigia mama yake simu, akamweleza yote. Nilimsikia mama akiuliza, "Na mke wako anasemaje?"

Wiki zote hizi, ni yeye peke yake aliyeuliza. Faustin akaninyooshea simu.

Jibu langu la hapana nilikuwa nalo, nimelikariri jikoni sijui mara ngapi. Nikasema, "Karibu, mama."

Faustin amelala, anakoroma kwa amani. Mimi bado najiuliza nani hasa aliyemkaribisha, mimi au kile kikao kizima.