Msumeno Wako na Mlango wa Mwalimu

Wafula, ndugu yangu,

Nimewaandikia barua mawaziri, maaskofu, wakubwa wa maji, na mhariri mmoja asiyejua tofauti ya hoja na kelele. Hakuna barua iliyowahi kunishinda. Hii imenishinda mara nne. Mara ya kwanza niliandika jina lako tu, nikaondoka mezani kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Zimepita wiki saba tangu tukuzike Kabazi. Mahindi uliyopanda na mkeo Nekesa yamefika magotini. Kuna jirani aliyefunga ng'ombe karibu mno na kaburi lako, nikamgombeza mbele ya mama yake mzazi. Unajua ninavyogombeza. Kibanda chako cha ufundi mtaani Free Area kimefungwa, lakini watu bado wanapita na kuuliza, "Fundi amerudi?" Mmoja nilimjibu hapana, hajarudi. Kisha nikaona aibu, kwa sababu nilishindwa kulitamka neno lenyewe.

Lakini sikukaa hapa kukupa habari za mahindi. Nataka tuongee juu ya msumeno.

Siku ulipokuja nao kwangu ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto. Msumeno wa betri, mdogo, unaingia kwenye begi pamoja na chakula cha mchana. Bledi nyembamba inatoka mbele na kwenda mbele na nyuma kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Ulilala chali chini ya sinki yangu, mahali ambapo msumeno wa mkono usingepata hata nafasi ya kusogea, ukalikata lile bomba lililoliwa na kutu kwa mkono mmoja. Chai ilikuwa bado haijachemka. Ukatoka na vumbi la kutu kwenye nyusi, ukaniambia, "Mkubwa, hii kitu haitaki nguvu. Inataka tu uishike vizuri."

Nami badala ya kusema asante nikakuhutubia. Nilikuambia fundi halisi hujulikana kwa jasho lake. Nilikuambia babu yetu alipasua mataruma ya reli kwa mikono miwili na hakuna aliyemchajia betri. Ulicheka. Ukauliza, "Na wewe, Mkubwa, unaandika na manyoya ya kuku?"

Nilipaswa kucheka pia. Badala yake nilikwenda kuandika makala yangu ya gazeti.

Wasomaji waliipenda ile makala. Niliiita "Mafundi wa Betri". Nilisema tumezaa kizazi cha mafundi wanaonunua mashine kwa sababu wanaogopa kazi, na kwamba betri ikiisha na ahadi inaisha. Nikatoa mfano wa fundi "ninayemjua vizuri" aliyeiacha rafu ya vitabu nusu, mbao zikiegemea ukuta wiki mbili nzima, ilhali mashine yake mpya iko begani. Jina sikulitaja. Nilijiona mwungwana kwa kutolitaja. Free Area nzima ilijua rafu ni ya nani na fundi ni nani.

Hukuniambia kitu. Ulirudi Jumamosi, ukaimalizia rafu, ukapanga na vitabu vyangu, vingine kichwa chini. Nikadhani umekubali kwamba nilisema kweli. Mtu aliyezoea kushinda mabishano huona kila anayenyamaza kuwa ameshindwa.

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua, Wafula. Nekesa aliniambia siku ya pili baada ya mazishi, akiwa ameinamia sufuria, hata hakugeuka. "Shemeji, moyo wake ulikuwa umepanuka tangu mwaka jana. Daktari alimkataza msumeno wa mkono. Akasema akisukuma vile, ataanguka kazini." Zile wiki mbili za rafu ulikuwa unapanda ngazi za kliniki, unapumzika kila ngazi ya tatu. Na ule msumeno mdogo hukuununua kwa uvivu. Ulikuwa umetafuta chombo ambacho moyo wako ungeweza kukibeba.

Kwa nini hukuniambia? Najua kwa nini. Ungeniambia ningeufanya ugonjwa wako mada ya makala.

Siku ya tatu tulinyoa vichwa, kama wazee walivyotufundisha, hata kama sisi tumezaliwa Nakuru na hatujui njia zote za nyumbani. Mzee wa ukoo akasimama na kuuliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, alitoe leo mbele ya wote, lisimfuate. Nilitazama viatu vyangu. Mimi, ninayesimama kila mkutano kabla mwenyekiti hajamaliza salamu, nilitazama viatu vyangu.

Aliyesimama ni mama mmoja wa Free Area, Mama Jerono. Alikuwa ameamka alfajiri kuja Kabazi. Akasema, "Mimi sidai kitu. Ni mlango tu. Bwana yangu alipata stroke, upande mmoja ukapooza, anakaa kwa kiti ya magurudumu, na hakuna mlango kwangu anapita. Fundi alinipanulia mbili. Ule wa bafu ndio ulibaki. Sijui sasa nimwambie nani." Kisha akaketi upesi, kama mtu aliyekosea kuongea.

Ningeweza kusema tutamtafutia fundi mwingine. Mafundi wako tele. Lakini nilikuwa nimeuambia mji mzima kwamba humalizi kazi, na hapa palikuwa na kazi ambayo hukuimaliza kwa sababu ulikufa. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nitaufanya mimi." Binamu zetu wakageuka. Mmoja akauliza kwa nguvu, "Na nini? Na kalamu?" Watu wakacheka, matangani, na Mungu anisamehe, na mimi nikacheka.

Nekesa alinipa msumeno bila kuuliza, betri mbili, na ule mkebe wa biskuti ulimoweka bledi. Wiki mbili nilikata mbao mbovu nyuma ya nyumba yangu. Kwanza nilisukuma. Ukisukuma, msumeno unaruka, unakupiga kifundo cha mkono, unachana mbao badala ya kuikata. Nilijifunza kukikandamiza kile kibao cha chuma cha mbele kwenye mbao, kisha kuuacha utafune wenyewe. Nilijifunza kwamba bledi yenye meno makubwa ni ya mbao na yenye meno madogo ni ya chuma, na kwamba kwa mbao kuukuu zenye misumari ndani kuna ya tatu, ambayo wewe ulikuwa umeifunga kitambaa chekundu. Majirani walikuja kutazama. Waliona burudani.

Nyumba ya Mama Jerono ni ya mbao, ya zamani, na fremu zake zimepigiliwa misumari mirefu kama vidole. Nina ugomvi na waliojenga nyumba hizi, na utanisamehe nikiutoa hapa. Nchi nzima tumejenga milango kana kwamba hakuna atakayezeeka, hakuna atakayeanguka, hakuna mwanamke atakayembeba mume wake. Mume wa Mama Jerono alikuwa mwalimu mkuu. Aliwafundisha watu ambao leo wanaongoza maofisi mjini. Tangu mwaka uanze alikuwa anaogeshwa kwenye karai chumbani, mlango umefungwa na kiti, kwa sababu hataki watoto wake wamwone.

Nilipoingia alinitazama kwa jicho lile linalofanya kazi. Mama Jerono akasema, "Mwalimu, huyu ndiye kaka ya fundi." Mwalimu akajaribu kusema kitu, kikatoka nusu. Nikasogea. Akarudia polepole: "Wa... gazeti."

Nilitaka ukuta unifiche. Nikaanza kazi.

Nilikata fremu ya kushoto. Misumari ilikatika kama mshumaa. Nikakata nguzo ya ndani juu, kisha chini, na nilikuwa naanza kujipenda, Wafula, nilikuwa tayari natunga sentensi kichwani kuhusu heshima ya kazi ya mikono, na hapo maji yakanipiga usoni. Nilikuwa nimekata bomba. Maji yalipiga dari, yakashukia taulo, yakaenda sebuleni. Mama Jerono akapiga kelele, "Funga nje! Funga nje, baba, kwa mita ya maji!" Nikakimbia bila viatu, nikapita lango, nikarudi kuuliza mita iko wapi. Jirani akaifunga kabla sijafika, akaniuliza, "Wewe ni fundi wa wapi?"

Niliporudi, koti la mvua lililokuwa limetundikwa kando ya mlango lilikuwa limeanguka. Na nyuma yake, kwenye ubao, palikuwa na mwandiko wako. Mstari wa penseli ya seremala ulionyooka mpaka chini, mshale, na neno moja kwa herufi kubwa: MAJI. Upande wa pili ulikuwa umechora mahali pa kukata, juu na chini, na vipimo. Ulikuwa umenitayarishia kila kitu. Hapana. Ulikuwa umemtayarishia yeyote atakayekuja, kwa sababu ulijua huenda usiwe wewe.

Mimi ambaye nimesoma nusu ya vitabu vya maktaba ya mji, nilikuwa sijasoma neno moja ukutani.

Nikakaa kwenye maji yale. Nililia kwa sauti, vile sikulia kaburini, msumeno mapajani, na Mama Jerono akaacha kupiga deki. Hakunibembeleza. Alisema, "Alikuwa anaweka mkono kwa ukuta hivi, halafu ananiambia nifungue mfereji. Anafunga macho. Anasema maji inatembea hapa." Akakamua kitambaa. "Ile siku gazeti ilitoka, Mwalimu alikasirika sana. Alitaka nikuandikie barua mbaya. Fundi akakataa. Akasema, 'Huyo ni kaka yangu, mama. Akikosea anakosea na nguvu yake yote. Wacheni tu, atafika.'"

Atafika. Ulisema hivyo juu yangu, ukiwa unapumzika kila ngazi ya tatu.

Siku iliyofuata nilirudi na kipande cha bomba na jirani yule wa mita, ambaye alinifundisha kukiunga na hakuacha kunicheka hata dakika moja. Nilikata upande ule wa pili ulioutia vipimo, nikafuata penseli yako mpaka chini, nikatundika mlango mpana kwenye fremu mpya. Haikunyooka kabisa. Ungeitoa. Lakini kiti kilipita. Mama Jerono alimsukuma Mwalimu mpaka kwenye kizingiti, naye akainua ule mkono mzima kumzuia. Akalishika gurudumu mwenyewe. Ilimchukua muda. Akaingia, akageuka, akatutazama sote, akaufunga mlango.

Tulisimama pale kwenye korido kama wageni wasiojua pa kukaa. Tukasikia mfereji ukifunguliwa. Mama Jerono akajifunika uso kwa leso.

Nimeandika makala nyingine, Wafula. Mhariri hakuitaka, anasema wasomaji wangu hunifuata kwa moto, hawanifuati kwa majuto. Nimemwambia aichapishe au atafute mtu mwingine wa moto. Kwanza nilimpelekea Nekesa. Nilimsomea yote, sebuleni kwenu, nikiwa nimesimama kama mtoto wa shule. Nilieleza kuhusu moyo wako, kwa ruhusa yake, na kuhusu msumeno, na kuhusu mafundi wote niliowatukana kutoka kwenye kiti changu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nirudie pale mwanzo, niliposema, "Labda nilimkosea ndugu yangu."

Nikarudia.

Akasema, "Shemeji, toa hiyo labda."

Nimeitoa. Mhariri amekubali; inachapishwa Jumapili, ukurasa uleule, jina langu juu na jina lako ndani yake, safari hii limeandikwa lote. Nilikukosea. Nilikukosea ukiwa hai, mbele ya watu, na ulinipangia vitabu.

Nakuahidi haya mawili tu, kwa sababu nimechoka kuahidi mengi. Sitaandika tena juu ya mikono ya mtu kabla sijamuuliza inauma wapi. Na Nekesa hatabeba peke yake kazi ya kukusemea. Wakiuliza kama fundi amerudi, nitawaambia umefariki, na nitawaambia ulivyokuwa.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Pumua vizuri.

Kaka yako.