Gavana Wako Amenifunga Guangzhou

Baba yangu uliyelala Tabora,

Shikamoo kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Halafu tugombane, maana nimekasirika, na wa kumkasirikia ni wewe.

Unamkumbuka Gavana wako? Yule Mmarekani wa zamani, wa kwenye kitabu kisicho na jalada alichokuachia mwalimu wa kujitolea. Ukitoka stesheni, sare ya reli bado mwilini, ulitusomea na kututafsiria huku tunachambua mchele. Mtoto wa mkulima, akasomea sheria kwa taabu, makampuni ya reli yakamsimamisha awe gavana wa jimbo lake yakijua atakuwa mtu wao. Alipoingia tu ofisini yakamletea tiketi za kusafiri bure maisha yake yote. Akazirudisha. Halafu akatia saini sheria ya kuyabana makampuni yaleyale. Hapo ulifunga kitabu kwa kishindo: "Mwanamume huyo! Haya, chakula."

Na wewe ukataka kuwa yeye. Watoto wa wenzako walipanda treni ya Kigoma bila kuulizwa tiketi. Sisi, watoto wa stesheni masta, tukapanga foleni dirisha la tiketi. Shangazi Tatu akakuuliza, "Kaka, hata mimi nilipe?" Ukamjibu, "Hasa wewe." Alikununia mwaka mzima. Mimi nilijivuna, mjinga mimi.

Sasa sikia. Nimekuja Guangzhou kununua nguo kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian. Huku mtu mmoja hajazi kontena. Wafanyabiashara kadhaa tunachanga mizigo, kontena linaandikwa jina la mmoja, na huyo ndiye anayebaki mpaka liondoke. Safari hii wakanichagua mimi. "Binti wa stesheni masta huyu, hata sindano haibi." Kichwa kikavimba! Kila mtu akaleta maboksi yake yameshafungwa, na kwetu kumfungulia mwenzio boksi ni kumwita mwizi, basi sikufungua hata moja. Wenzangu wakapanda ndege. Bandarini forodha wakafungua, wakakuta boksi moja limejaa saa za kughushi. Wakachukua pasipoti yangu. Nimewapigia simu wote. "Si langu, dada." Kila mmoja, si langu.

Watu hapa wanasema ukali umezidi tangu Hong Kong irudi kwa Wachina. Mimi sijui. Ninachojua ni chumba changu cha mtaa wa Dengfeng, ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Nikinyoosha mkono naugusa. Bila pasipoti siwezi kuhama hata nyumba ya wageni. Naenda mtaa wa Yide Lu, natazama midoli madukani, narudi. Baba, nasongwa.

Wakala wetu wa mizigo, tunayemwita laoban kama bosi yeyote hapa, akanionyesha mlango wa kutokea. "Sema ni la Kassim. Yuko Zanzibar, hatajua. Wewe nyumbani." Kassim, mmoja wa tuliochanga kontena, alinunua madaftari ya shule tu, niliyaona yakihesabiwa dukani. Nikimtaja hataingia China tena, na hana kazi nyingine. Nikamwambia laoban, "Ngoja nifikirie." Ndiyo, nilisema hivyo.

Nikafungua kitabu chako, nilichokichukua baada ya mazishi. Kwa mara ya kwanza nikakisoma mpaka mwisho. Loo, Baba! Kumbe Gavana alishindwa uchaguzi uliofuata. Marafiki wakimwona wanavuka barabara. Akaishia kupanga chumba juu ya bucha, akiwatetea watu kesi za ng'ombe, mpaka akafa. Na kurasa hizo ndizo zenye alama nyingi za vidole vyako. Ulizisoma kuliko zote, ukatuficha! Ukanilea nidhani ukweli unalipwa palepale, kabla chakula hakijapoa. Nimelia, Baba. Nimelia kwa hasira, halafu nikalia kwa kukukumbuka.

Leo asubuhi nimemwambia laoban "bu yao", sitaki, kama tunavyokataa bei sokoni. Akatikisa kichwa, akaendelea kunywa chai yake.

Nikaenda kibanda cha simu kumpigia mwanangu Zuhura. Ana miaka tisa.

"Mama, si useme tu ni la mtu?"

Nikamsimulia Gavana. Tiketi, sheria, saini. Akashangilia, "Safi sana!" Ningeweza kukata simu hapo, naye akalala na furaha. Nikamwambia na yaliyobaki, mpaka chumba cha juu ya bucha.

"Kwa hiyo huji."

"Siji, mwanangu. Sijui lini."

Hakulia. Aliniuliza kama huku chumbani kwangu kuna blanketi.

Mungu akurehemu, Baba. Nimekusamehe nusu, nusu nyingine tutaizungumza tukionana.

Mimi, binti yako wa kwanza