Doto na Simu ya Upepo

Jumanne

Nimeelewa! Wiki nzima nimehangaika na makala ile ya fizikia: chembe mbili pacha, moja ikipimwa huku, ya pili hubadilika papo hapo kule mbali. Sasa kwa nini wataalamu, wakituma ujumbe kwa chembe hizo, bado wanahitaji na simu ya kawaida?

Leo mke wangu kamaliza ubishi wangu na makala hiyo huku akisonga ugali. "Baba Kulwa, Doto akilia hapa najua Kulwa, pacha wake, kule Buseresere kwa bibi yao ana jambo. Jambo gani, sijui mpaka huyo bibi anipigie simu ya upepo, hii ya mkononi."

Ndiyo hivyo! Pacha hubeba ujumbe, simu hutuonyesha namna ya kuusoma bila kukosea. Mimi mwalimu mzima sikuliona.

Naogopa wanafunzi watanicheka nikiwaeleza fizikia kwa mfano wa Kulwa na Doto. Wacheke.

Doto naye anacheka peke yake mkekani. Asubuhi lazima nipige simu: Kulwa kapata nini?