Manyoya ya Baba, Vyuma Vyangu

Jumatatu, 4 Machi

Baba kanimwagia habari kabla sijameza hata tonge. Jumapili anakuja mtu kutoka Osaka, Bwana Nishiwaki, kuiangalia boti yetu, Kikumaru. Akiipenda, anaondoka nayo. Nimebaki na bakuli la supu mkononi kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sababu? Tangu mwaka mpya hatujatia botini jodari hata mmoja. Wale wa mapezi marefu, nasema. Baba amewavua tangu hajaota ndevu, kwa kurambaza: mishipi inakokotwa nyuma ya boti, na kila ndoana ina manyoya ya jogoo aliyoyafunga kwa mkono wake. Mwaka huu hawapandi juu. Anasema kama samaki hawayataki manyoya yake basi hawamtaki yeye, na goti nalo limekwisha.

Na mimi je? Miaka minane niko naye kwenye boti ile. Naijua mpaka inavyokohoa. Sitaki iende. Basi, nimeandika — sitaki.

Nikamwambia samaki wapo, ila wako chini. Wenzetu wa bandari ya pili wanawafuata kwa vyuma: kisamaki cha chuma chenye ndoana, unakizamisha, halafu unakipandisha kwa kukirusharusha. Baba akatikisa kichwa. Mama yake alitoka kaskazini, na kwao chuma hakitupwi baharini. Hata kisu kikikuponyoka, unakichora kwenye karatasi, unapeleka mchoro hekaluni kwa Joka la bahari, unaomba radhi.

"Nitachora kila kitakachopotea," nikasema.

"Joka si mjinga, Chinami. Kilichokuponyoka na ulichokwenda kukinunua dukani si kosa moja."

Kumbe mwenzake nimeshavinunua. Sita! Viko kwenye ndoo ya mchele. Baba hapiki.

Jumatano, 6 Machi

Baharini. Manyoya tu, kama alivyotaka bwana mkubwa.

Asubuhi manyoya meupe. Hakuna. Akabadili, mekundu. Hakuna. Akarefusha mishipi, akapunguza mwendo, akaongeza mwendo. Tumekula wali wetu uliofungwa kwa majani ya haradali, tukatazamana, tukacheka. Siwezi kumnunia Baba tukiwa baharini, hata nikijaribu. Mchana kakamatwa kibua mmoja, nadhani kwa aibu ya kutuona.

Halafu skrini ya kutafutia samaki ikajaa. Kundi zima, mita tisini chini yetu, madoa manene manene. Nikamgusa bega.

"Nimeona," akasema.

"Wako chini, Baba."

"Waache walale."

Lakini hakuondoa macho kwenye skrini mpaka tumelipita kundi. Nilimwona.

Ijumaa, 8 Machi

Upepo. Hakuna aliyetoka.

Nimeshinda kwa Yasue, kwenye kibanda chake cha chai gatini. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa vyuma, kwa hiyo nimemchimba weee. Anasema mkondo ukiwa mkali, chukua kizito, la sivyo kitaelea pembeni kama mlevi na hakitafika. Tupa ule mwavuli wa majini ili upepo usiisukume boti mbio. Fimbo iwe fupi, mshipi uwe mwembamba lakini wa nguvu. Na asubuhi yenye mawingu, anza na cha pinki.

Kisha akaniuliza kama Baba anajua. Nikamwambia viko kwenye mchele. Alicheka mpaka akamwaga chai ya mteja. Anasema baba na binti wote vichwa vya mawe, Joka lenyewe litatuhama.

Nimekipenda kile cha pinki. Nimempa jina, Bibi Harusi. Kesho nitamwomba Baba saa moja tu. Saa moja ya chuma, siku nyingine zote manyoya.

Jumamosi, 9 Machi

Sikupata nafasi ya kumwomba. Nimeamka, hayupo. Kaacha neno kwa Yasue: anakwenda kuiosha Kikumaru na kuijaribu injini, mgeni asije akaikuta chafu. Mawingu yametanda kutwa.

Nimefua, nimepika, nimekasirika. Anaiosha ili aiuze! Nikalia kidogo jikoni. Kidogo tu.

Karudi jioni, koti limelowa mpaka kwapani. Kuosha boti gani huko? Kala mabakuli matatu ya wali. Kidole cha shahada kafunga kitambaa. Kisu, anasema. Goti vipi? Goti lipi, anasema.

Nimekwenda kupima mchele wa kesho. Vyuma vitano. Nimepekua mpaka chini, nimeumwaga wote kwenye sinia. Vitano. Bibi Harusi hayupo. Labda nilimsahau kwa Yasue, kichwa changu siku hizi ni pakacha.

Jumapili, 10 Machi

Naandika harakaharaka, Baba hanitazami.

Yasue kapiga simu: mtu wa Osaka kafika, anaizunguka boti na kugongagonga mbao. Nikaenda kumwita Baba. Nimemkuta mezani na penseli yangu, karatasi mbili zimekunjwakunjwa sakafuni.

"Njoo unichoree," akasema. "Kidole hakishiki penseli."

"Nikuchoree nini?"

Akaitazama supu iliyokuwa mbele yake. "Cha pinki."

Nikakaa. Kumbe kitambaa kile, koti lile, mawingu yale!

"Kwenye mchele ulifikaje, Baba?"

"Njaa. Nimeviona tangu Jumatatu. Usinitoe kwenye habari." Akasema polepole kwamba alikizamisha mara moja tu, aone. Mita tisini. Akakipandisha kidogo, kikashikwa. Mshipi ukamkata kidole, boti ikainama, akavuta mpaka akaliona tumbo jeupe likizunguka chini ya maji — ndipo mshipi ukakatika. "Alikuwa mzito, mwanangu. Mzito." Macho yake yamejaa maji na anacheka. Sijamwona hivi tangu Mama alipokuwa hai.

Huko gatini mgeni anapiga honi. Nikamuuliza nimwambie nini Bwana Nishiwaki.

"Asubiri. Mtu haanzi biashara hajamwomba Joka radhi." Akafikiri. "Vimebaki vitano?"

"Vitano."

"Kile cha buluu ni kizito zaidi?"

"Kizito zaidi."

Sikumuuliza lingine, naogopa kuharibu. Nimechora mwili, jicho, rangi ya pinki nimeipata kwenye rangi yangu ya midomo. Honi tena, ndefu. Baba hata hajageuka. Kainamia karatasi, pua karibu iguse meza, ananilaumu kwamba ndoana nimeichora ndogo — yule samaki, anasema, hakuwa wa ndoana hiyo.