Mstari Uliozunguka Nyumba Mbili

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar.
Vumbi, chai, ramani. Leo nimepanga mezani ramani tatu kuukuu za maeneo bunge, zile ninazotunza hapa ofisini. Katika zote mpaka unafuata laga, ule mto wa mchanga usio na maji ila mvua ikinyesha, kisha kwenye boma letu, nje ya Kakuma, unapinda ghafla, unavuka na kurudi. Miaka yote nilidhani mchoraji alisinzia.

Alhamisi, 6 Machi.
Rasimu ya mipaka mipya imefika. Mpindo umefutwa. Mama upande huu wa laga, Mama Mdogo, mke wa pili wa marehemu baba, ng'ambo. Mama haoni vizuri. Kila uchaguzi Mama Mdogo humshika mkono hadi kituoni, wakigombana njia nzima. Sasa kila mtu na eneo bunge lake. Nimekasirika.

Jumamosi, 8 Machi. Kakuma.
Nimemweleza Mama. Amecheka! Kumbe mpaka ulipochorwa mara ya kwanza, baba ndiye aliyewaongoza wapima ardhi na ngamia wao. Walipofika kwetu akawapitisha nyuma ya nyumba zote mbili, akidai laga ina nyoka. Baba yangu, asiyejua kusoma. Nampenda upya.

Jumatano, 12 Machi.
Kikao cha maoni. Nimetandaza ramani zangu. Mama akasimama: "Mimi na huyu mama tunagombana kila siku. Lakini usitutenganishe." Watu wakacheka. Mama Mdogo hakuinua macho. Afisa wa tume ya mipaka alisikiliza kwa heshima. Akasema ramani za kale ni historia nzuri, ila laga kila mtu anaiona. Nimemchukia kwa upole wake.

Ijumaa, 21 Machi. Lodwar.
Uamuzi umetoka: mstari unabaki kwenye laga. Basi.
Sikuthubutu kumpigia Mama. Nimempigia Mama Mdogo. Amejibu "Ejok," sawa, akakata. Nikamwona hana moyo.

Jumapili, 23 Machi. Kakuma.
Ng'ambo hakuna nyumba. Mama Mdogo ameibomoa, fito na ngozi akazipakia punda, akavuka. Anaijenga hatua kumi kutoka kwa Mama. Hakumwambia mtu. Kesho tunakwenda kuhamisha kituo chake cha kura.
Nimelia, naandika bila haya. Nilimdhania vibaya.
Wanabishana mlango utazame wapi. Mimi nafunga fito. Mama amekaa kivulini, anapapasa ukuta mpya kwa kiganja, polepole, kutoka chini hadi anapofikia.