Mihogo Imenenepa

Buterere, Juni 1996

Baba Nella,

Salamu zikufikie huko Uvira. Hapa mvua imekatika, na shule yako bado imefungwa.

Ulipokimbia vita ulituachia neno la mwalimu: "Musichume majani ya muhogo. Jani linapika chakula kwa jua na maji, halafu linalisha mzizi." Nikalishika. Nella alipolia njaa, "Mama, unipe hata sombe kidogo ya majani yale," mi nilimwambia apana, tungoje mzizi.

Jana nimechimba. Ulisema kweli, mihogo imenenepa kama mkono wako. Majirani wamenisaidia kuibeba, walewale waliombeba Nella kwenda makaburini wiki iliyopita.

Usinifundishe tena kitu.

Mama Nella