Jino Lililokaza Kamba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imetukuta hapa Sepuka tukipura alizeti. Bibi yako mzima, na yule mbuzi wako kazaa mapacha. Unauliza: kama jino langu la mbele halikuoza, lililegeaje?

Tulipohamia kijiji cha ujamaa tulijenga haraka haraka. Kamba za magome nilizikaza kwa meno, nikizivutia upande, na fizi zangu zilishaanza kupungua. Siku moja jino likacheza. Bibi yako, ndiyo kwanza tumeoana, akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye zizi letu. Akasukuma nguzo iliyochimbiwa chini sana, ikatulia. Akasukuma nyingine kwa nguvu ile ile, ile niliyoichimbia kina cha kiganja tu, ikayumba.

"Mti ni mzima," akasema. "Udongo ndio haba."

Tangu hapo yeye alikaza kamba kwa mikono, mimi nikashika miti. Jino likadumu miaka mingi, kisha likaenda zake, na wenzake wakalifuata.

Siku hizi nimebaki na fizi. Ila karanga bado nakula, mjukuu wangu. Bibi yako hunitwangia kila jioni, wala sijawahi kumwomba.

Ni mimi babu yako, kibogoyo.